Rangi Juu ya Televisheni

Mwene-Ditu, 11 Aprili 1993

Shemeji Jeannot,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo wewe, na mke wako Dorcelle, na watoto? Sisi tumefika huku Kasai, na afya tunayo kwa kiasi kilichobaki. Dada yako Nkandu anakohoa tangu behewani, lakini anakusalimu.

Uliona mwenyewe tulivyofukuzwa Katanga. Sisi watu wa Kasai wote stesheni, aliyezaliwa Lubumbashi na aliyekuja juzi, hakuna tofauti. Tulilala pale chini wiki mbili tukingoja treni. Siku ilipofika, mama yangu Laurentine alikuwa ametoka kutafuta maji, na treni ikaondoka. Nilitaka kuruka, watu wakanishika. Tangu siku ile silali vizuri.

Mama hajui njia yoyote mjini isipokuwa ile ya kurudi kwetu Bel-Air, kwenye nyumba niliyokuachia uilinde. Akifika, mpe chumba chake, halafu umkabidhi kwa Stanislas wa reli, huyu anayekuletea barua. Yeye atampandisha. Nijibu upesi, nakuomba.

Shemeji yako,
Ruphin

Lubumbashi, 2 Mei 1993

Shemeji Ruphin,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Kikohozi kimepungua? Nasikia bukari mnayosonga huko ni ya unga wa mihogo mitupu. Nkandu akikonda nitakuja kumchukua, na wewe utabaki na redio zako mbovu. Sisi hatujambo. Mshahara hakuna, unga hakuna, lakini tunacheka.

Nyumba iko salama. Tumehamia ndani, maana nyumba tupu ingechukuliwa na wengine. Sebule nimeipaka rangi ya bluu ili watu waone ina mwenyewe. Hapo nina shida, na wewe ndiye fundi. Rangi ya mafuta ilimwagika juu ya televisheni: kwenye kioo, kwenye plastiki, mpaka kwenye vitufe. Imeshakauka. Dorcelle anataka kuisugua kwa mafuta ya gari, nimemwambia tungoje tumuulize fundi.

Kuhusu mama, tunaomba Mungu.

Shemeji yako,
Jeannot

Mwene-Ditu, 20 Mei 1993

Shemeji Jeannot,

Hamjambo hapo? Nkandu amepata nafuu. Mimi nimepata meza ya kutengenezea redio, chini ya kibaraza cha mtu.

Mwambie Dorcelle aache kabisa hayo mafuta ya gari. Yanayeyusha plastiki, na mvuke wake unawaka. Kwanza chomoa waya ukutani, si kuzima tu, na uache televisheni ipoe. Usimwage kitu chochote juu yake. Kinacholowa ni kitambaa, tena kidogo. Kwenye kioo, paka maji ya sabuni halafu kwangua kwa wembe uliolazwa, polepole. Kwenye plastiki usitumie wembe. Pakaa mafuta kidogo ya kupikia juu ya rangi, yakae mpaka ilainike, uinyanyue kwa ukucha, umalizie na kitambaa cha sabuni. Ikikataa, tumia alkoholi ya dispensari kwenye pamba, ukijaribu kwanza upande wa nyuma usioonekana. Vitufe, kijiti chenye pamba. Usiwashe mpaka siku ya pili, iwe imekauka kabisa.

Ila kuna swali ninalowauliza wateja wote kabla sijagusa chombo: ilitokeaje? Rangi ilianguka kutoka juu, au ilirushwa? Kama iliingia kwenye matundu ya nyuma, usiiwashe.

Umeona mistari niliyokuandikia kwa ajili ya televisheni. Mimi naomba mstari mmoja tu juu ya mama.

Shemeji yako,
Ruphin

Lubumbashi, 13 Juni 1993

Shemeji Ruphin,

Salamu. Televisheni imetakata, hata alama haionekani. Dorcelle anakushukuru sana. Matundu hayakuguswa.

Umeuliza ilitokeaje. Nimechana karatasi tatu kabla ya hii.

Ilikuwa kesho yake baada ya treni yenu. Nilikuwa juu ya ngazi napaka. Dirisha lilikuwa wazi, na ng'ambo ya barabara walikaa wale vijana wa chama waliowafukuza, na fimbo zao. Nikasikia mtu mlangoni anasema kwa sauti, "Moyo wenu." Ndivyo mnavyosalimiana kwenu, naijua salamu hiyo, nimeijibu mara ngapi mezani kwako. Kumbe na vijana wanaijua. Nilishtuka, kopo likaanguka.

Mama akasema, "Jeannot, ni miye. Fungula." Vijana wakavuka barabara. Mmoja akaniuliza, "Kilulu moja ilibakia apa?" Unajua ndivyo wanavyowaita ninyi watu wa Kasai, wadudu. Dorcelle alikuwa ananitazama. Nikasema, "Simujue ule mama. Aende."

Wakamsukuma mama kuelekea barabarani, nami nikafunga mlango, kwa sababu rangi ilikuwa inaanza kukauka kwenye kioo.

Alikutwa amekufa kesho yake, karibu na reli. Watu wa parokia wamemzika. Kama ningefungua, wangetuchoma sote ndani, nisadiki. Nakuomba sana, Nkandu usimwambie.

Shemeji yako,
Jeannot

Mwene-Ditu, 1 Julai 1993

Jeannot,

Ruphin alikuwa kwenye meza yake Stanislas alipofika, kwa hiyo barua niliifungua mimi. Nikaenda nikamsomea yote pale kibarazani, mpaka hapo uliposema nisiambiwe. Alikuwa ameshika redio ya mteja. Aliimaliza, akaifunga skrubu zote nne, akampa mwenyewe, ndipo akalia.

Nilizaliwa tumbo moja na wewe, na jambo hilo siwezi kulibadilisha. Lakini yule mama alinipokea mimi, mtoto wa Katanga, siku ambayo ndugu zake wote walikataa niingie katika ukoo wao. Watoto wetu wakiniuliza, nitawaambia aliyemfungia bibi yao mlango anaitwa nani.

Stanislas nimemwambia asibebe tena karatasi yoyote kutoka nyumba hiyo.

Mkwe wa mama Laurentine,
Nkandu