Kwa Baba, Fundi wa Kipima-Mitetemo Nyuma ya Jiko

Baba, mwaka umetimia leo tangu tulipokukuta sakafuni katika kile chumba kidogo nyuma ya jiko, bisibisi mkononi, uso umeelekea mlangoni. Mwaka mzima, na bado tukiingia ndani tunavua viatu na kunyata, ingawa mwenye kutukataza kishindo hayupo.

Majirani walikuita Bwana Tetemeko, nawe ulilipenda jina hilo kuliko ulivyokubali. Wanaosoma haya na hawakukujua, waelewe kwamba baba yetu hakuwa mtabiri wa maafa. Alikuwa fundi. Ofisi yake ilipima mitetemo ya ardhi, na ilipotafuta mahali penye mwamba mgumu, mbali na malori, ikaupata mwamba unaochungulia uani kwetu, pale pale ambapo Mama alipanga kujenga stoo. Badala ya stoo akaletewa chombo cha chuma, ukubwa wa sufuria ya kulisha watu sita, kikakalishwa juu ya nguzo fupi ya zege iliyoshikana na mwamba. Waya ukatoka hapo ukaingia kwenye kisanduku chenye kioo, na juu ya bati ikafungwa antena ya kupokea majira kutoka kwenye setelaiti, maana ulisema kipimo kisichojua saa ni sawa na shahidi mlevi.

Mama aliuliza hicho kitu kinakula nini.

"Kinakula utulivu," ukamjibu.

"Basi katika nyumba yenye watoto wanne kitakufa njaa."

Hakikufa. Ulikitunza miaka kumi na tisa. Ulikipangusa, ukakibadilishia betri, ukakifukuzia mchwa. Tulipokuwa wadogo tulikionea wivu, tuseme kweli, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu uliyewahi kumwangalia kwa makini namna ile. Kisha ukatuita mmoja mmoja kwenye kioo, ukatufundisha: wimbi la kwanza linasukuma, la pili linatikisa, na ukijua la pili limechelewa kiasi gani, unajua limetoka mbali kiasi gani. Siku moja ulikuja mezani jasho linakutoka kwa furaha.

"Ardhi imetikisika upande wa pili wa dunia! Dakika ishirini baadaye imepita hapa, chini ya miguu yenu, na nyie mnakula tu!"

"Na wewe kaa ule," Mama akakwambia, "isije ikapita tena ukiwa na njaa."

Ulitutambua kwa miguu yetu. Ulijua kwenye mistari ya kile kioo nani karuka kutoka kitandani na nani kapita kimya kwenda kuiba sukari. Mama ulimtambua upesi kuliko wote, kwa sababu ya goti lake: mguu wa kulia unakanyaga kwa nguvu, wa kushoto unagusa tu. Ulisema hata wangepita watu elfu, hatua zile ungezichambua.

Na ulikuwa mtu wa watu. Ule mwaka ardhi ilipotikisika kwelikweli na mtaa mzima ukahamia nje na magodoro, ulizunguka nyumba kwa nyumba na kipande cha chaki, ukiweka alama kwenye ncha ya kila ufa na kuandika tarehe. Baada ya wiki ukarudi kuangalia kama ufa umevuka alama. Mjane wa kona alirudi kulala ndani kwa sababu ulimwambia ukuta wake ni mzima, kilichopasuka ni lipu tu. Wengine wawili uliwakatalia katakata wasirudi, wakakununia, na mmoja alikuja kukushukuru ukuta ulipodondoka bila mtu chini yake. Hukujisifu. Ulimwambia aje achukue matofali yake.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike, na tunaomba utuvumilie, kwa sababu kalamu ni nzito.

Kila ulipomaliza kukihudumia chombo, ulikijaribu kwa kugonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Mara tatu, pumzika. Mara tatu, pumzika. Jicho kwenye kioo. Nyumba nzima ilijua. Ukianza kugonga, aliyesimama abaki amesimama, aliyeinua mwiko auache hewani, ili mstari utoke safi. "Baba anapima," tuliambiana, na mgeni aliyekuwa akielekea msalani alidakwa mkono akasubirishwa.

Asubuhi ile ulipotutoka, mishale ya saa nne, nyumbani walikuwepo Mama na kitinda mimba wako. Kitinda mimba alikuwa sebuleni akisikiliza radio. Alisikia unagonga, akapunguza sauti. Mama alikuwa njiani kukuletea chai. Alifika mlangoni kwako, akasikia unagonga, akasimama wima na kikombe mkononi kama ulivyomzoesha. Uliendelea kugonga. Akaona unafanya kazi ndefu, akageuka, akarudi jikoni kwa ncha za vidole asikuharibie.

Alipokuja kukuita saa sita, ulikuwa umeshapoa.

Daktari alisema ni kiharusi. Watu wakatufariji kwa maneno ambayo watu huwa nayo: umekufa kazini, umekufa kiume, hukumsumbua mtu. Nasi katika tangazo la msiba tukaandika kwamba ulitutoka ghafla, bila kuteseka. Kila liliposomwa tangazo lile, Mama aliondoka chumbani. Tulidhani ni majonzi. Tukawa tunamwambia ajikaze, na yeye akawa anajikaza kisabuni, anakonda, anasahau chungu motoni.

Kumbe alikuwa na swali moja, na alikuwa nalo peke yake. Kama uligonga tatu tatu, basi ulikuwa kazini, ukaanguka baadaye, naye alifanya alichofanya siku zote. Kama hukugonga tatu tatu, basi ulikuwa unaita, naye alisimama mlangoni akakuacha. Alijaribu kukumbuka sauti ile, mchana akipika, akifua, akiwa sokoni. Alituambia kuna siku alikuwa na hakika ni tatu, na kufika jioni hana hakika tena.

Mwezi uliopita akaja yule mwanajiolojia wa ofisini kwenu, yule binti uliyemwita Miwani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alileta daftari lako la kelele na kompyuta ya mapajani. Ofisi inafunga hesabu za kituo, alisema, na kila kishindo cha nyumbani lazima kielezwe, wasije wakakidhania ni ardhi. Wakalifungua daftari pamoja, Mama, Miwani na kitinda mimba. Tulikuwa hatujawahi kulisoma. "Mtoto wa pili kaanguka kitandani, hajaumia." "Mama watoto kakasirika, kafunga mlango." "Harusi ya shemeji. Msihesabu chochote mpaka Jumatatu." Walicheka, Baba. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

Kisha wakafika ukurasa wa mwisho, wenye tarehe yako, na haukuwa na maelezo.

"Siku hiyo unayo humo?" Mama aliuliza.

"Ninayo. Lakini si lazima, Mama. Nitaandika tu kelele za nyumbani, yaishe."

"Aligonga?"

"Aligonga."

"Tatu tatu?"

Miwani alivua miwani, akaanza kuifuta, na miwani haikuwa na vumbi. "Tatu tatu, Mama."

"Nionyeshe."

"Mistari yenyewe ni ya kitaalamu kidogo, itakuchosha..."

"Mwanangu, nimeishi na hiyo mistari miaka kumi na tisa. Fungua."

Akafungua. Kulikuwa na kishindo kimoja kikubwa, saa nne na dakika nane. Hicho ulikuwa wewe. Kisha kimya cha dakika mbili. Kisha mapigo. Mama aliweka kidole kwenye kioo akahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: "Nne. Mbili. Sita. Moja. Tano." Halafu zikaingia hatua kutoka jikoni, moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi, zikakaribia, zikakoma. Na hapo zilipokoma, Baba, mapigo yako yakasongamana. Mama alihesabu kumi na moja bila pumziko.

Kisha hatua zikaondoka, ndogo sana, hazionekani mpaka uinamie kioo.

Uliendelea. Moja. Kimya. Mbili. Kimya kirefu. Moja. Pigo la mwisho lilikuwa saa nne na dakika ishirini na mbili.

"Alinisikia," Mama alisema.

"Mama, usingeweza kujua," Miwani alimwambia, na yeye mwenyewe machozi yanamtoka. Alikuwa ameijua mistari ile tangu wiki ya mazishi, akaamua kutusitiri.

"Ningeweza kuhesabu," Mama akasema. "Miaka kumi na tisa tatu tatu. Ningeweza kuhesabu."

Akachukua kalamu. Katika safu ya maelezo, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa, aliandika: "Saa nne na dakika kumi na nne. Hatua za miguu, kuja na kurudi. Mimi." Akatia sahihi. Kitinda mimba akaichukua kalamu mkononi mwake, akaandika chini yake: "Radio ilipunguzwa sauti. Mimi." Miwani alimwambia kwa upole kwamba radio haionekani kwenye chombo. Akatia sahihi hivyo hivyo.

Mdogo wako hakutaka tuandike haya. Alikuja mbio aliposikia, amefura.

"Tangu lini mambo ya ndani yakaandikwa gazetini? Shemeji, watu watasemaje?"

"Watasema nilikuwepo," Mama akamjibu. "Na nilikuwepo."

Akatusihi sisi watoto tumkanye mama yetu. Hatukumkanya. Katika madaftari yako yote hakuna neno lililofutwa. Ulipokosea ulipiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, ukaandika lililo sahihi pembeni. Basi tunafanya ulivyofanya. Mwaka jana tuliandika: ghafla, bila kuteseka. Tumepiga mstari. Lililo sahihi ni hili: kwa dakika kumi na mbili, kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu, ulituita.

Hatujui kama ulikasirika ulipozisikia hatua zikirudi. Mama anatamani ungekuwa umekasirika. Anasema hasira yako anaijua, angeipokea. Anachoogopa ni kwamba ulielewa kabisa kwa nini anaondoka, kwamba mwanamke huyu anaheshimu kazi yako, na hukuwa na namna ya kumwambia si kazi.

Tulikwambia mara ngapi, ukiwa hai, kwamba unatuchosha na masharti yako? Sharti moja, la kusimama ukigonga, ndilo tungelivunja. Tunakuomba radhi. Tunajua hujibu, na tunakuomba radhi vilevile.

Anayekukumbuka kwanza ni mkeo, ambaye siku hizi anaingia kila chumba bila kubisha. Wanakukumbuka pia watoto wako wanne, na hasa kitinda mimba, ambaye radio hajaiwasha tena. Yupo dada yako mkubwa. Yupo mdogo wako, aliyegomba siku tatu na ya nne akaja kuuliza jina lake litakaa wapi, tukamwambia hatuweki majina. Wapo wakwe zako na wajukuu wawili, mmoja hukuwahi kumwona. Anaanza kutambaa, na anapigapiga sakafu kwa kiganja, na kila akipiga sote tunakwenda. Yupo Miwani na wenzako wa ofisini, na mjane wa kona, na mtaa mzima uliowawekea alama za chaki.

Tulikusikia, Baba, na hatukuja. Maisha yetu yote tutakukumbuka wewe, na hilo pamoja nawe.