Kitambaa Nilichokifunga kwenye Bomba la Dobi

Bibi mshauri, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo jambo nililolifanya mimi litamwangukia mtu asiye na kosa.

Sisi ni vijana kumi na mmoja tunaosafisha mtaro unaopita nyuma ya nyumba zetu, na mimi ndiye kiongozi wao, tulianza na chupa na mifuko na godoro moja lililotutoa jasho wiki mbili, watu wakitucheka, sasa maji yanapita na hata waliotucheka wanakuja kuazima makoleo, lakini maji yenyewe yakabaki ya buluu, na watoto wa huko chini wanaoyachezea wanajikuna mpaka wanalia, basi dada mmoja kati yetu, tunamwita Reki kwa urefu na wembamba wake, akachana shuka jeupe akasema tufunge kitambaa kwenye mdomo wa kila bomba linalomwaga mtaroni, baada ya siku tatu tuvifungue, kitakachokuwa na rangi kitakuwa kimemtaja mwenyewe.

Siku ya kuvifungua nilitangulia alfajiri nikakuta kitambaa cha bomba letu kimekuwa buluu tupu. Bibi yangu hutia vitambaa rangi uani, ndiye aliyenilea tangu nabebwa mgongoni, nimekula na kuvaa kwa rangi hiyo hiyo, na hata sikujua mikono yangu inafanya nini, nikakifungua nikakifunga kwenye bomba la jirani yetu dobi, na cheupe chake nikakileta kwetu. Wenzangu walipofika Reki akakinyanyua kile cha buluu, akamwambia dobi aliyekuwa ametoka kutazama, "Kumbe ni wewe, mjomba." Dobi akacheka, akasema, "Mimi buluu natia kwenye kola, mwanangu, siyo kwenye mtaro mzima." Hakuna aliyecheka naye. Sasa wateja wanampita mlangoni na mabeseni yao kichwani wanapeleka nguo kwingine, na Jumamosi hiyo kikundi kitaliziba bomba lake kwa saruji watu wakiona, na mwiko wa kuanzia kazi nimekabidhiwa mimi.

Bibi yangu hana habari, kila Jumamosi anatuletea birika la chai na kuwaita wavulana waume zake, siku hizi hata anavaa glavu za mpira akitumiminia, nyumbani sijamwona nazo, nadhani ni uzee, moto wa birika unamuumiza. Nikisema kweli namwaibisha mbele ya mtaa mzima, nikinyamaza dobi amekwisha. Nifanyeje, bibi?

Kiongozi Mwenye Aibu

*

Marahaba, mjukuu wangu. Mimi shule niliiona kwa nje tu, barua zenu nasomewa, na hii yako nilimwambia msomaji arudie pale kwenye glavu mara tatu. Wenye gazeti nimewaambia itangulie zote, ya mume mkorofi itangoja, mume huyo ameanza zamani.

Ngoja kwanza nikukaripie, halafu nitakupa maji ya kunywa. Umemwibia dobi jina lake. Shati la mtu ukilichafua utalifua, jina utalifulia wapi? Na yeye ndiye fundi wa kufua mtaa mzima, umemwachia doa asiloweza kulitoa. Halafu ukaenda kunywa chai. Ningekuwa karibu ningekufinya sikio.

Haya, kunywa maji. Hukufanya kwa roho mbaya, ulimkinga aliyekukinga. Lakini unasema bibi yako hana habari. Mama wee, wewe umesoma na hukuona? Mwanamke aliyeshika birika la moto kwa mikono mitupu tangu hujazaliwa, ghafla anataka glavu, tena Jumamosi tu, tena mbele yenu? Mkono wa mtia rangi hautakati, ni buluu mpaka ndani ya kucha. Anauficha. Anajua alichomwaga wiki ile, na alipoona kitambaa cha bomba lake ni cheupe kama meno ya mtoto, alijua pia nani alikibadilisha. Mnaishi nyumba moja, mnakula sahani moja, na kila mtu anamficha mwenzake kitu ambacho mwenzake anakijua.

Na wewe, bibi wa mtoto huyu, najua utasomewa hapa. Mwenzangu, mbona hivyo? Chai haioshi mtaro. Mimi nilipika sabuni miaka mingi na uchafu wake nikaumwaga nyuma ya nyumba, mpaka mjukuu wangu aliponiambia. Nilimnunia siku mbili. Ya tatu nilichimba shimo. Sikufa, na yeye bado ananipenda, ananisumbua mpaka leo.

Sasa sikiliza, mjukuu. Leo hii, kabla ya jua kuzama, nenda kwa dobi. Usiende na maneno mengi. Mwambie, "Mjomba, kitambaa kilikuwa chetu, nilikibadilisha mimi." Akikutukana, pokea, umeyanunua mwenyewe. Ukitoka hapo kaa karibu na bibi yako, usisimame mbele yake kama hakimu, mshike mkono na uutazame. Atasema yeye. Kisha waite wenzako wote, Reki awe mbele, uwaambie kabla ya Jumamosi na siyo siku yenyewe. Wakikuvua uongozi, waachie. Koleo halijali nani kiongozi.

Na hiyo saruji msiimwage, mtakuja kuihitaji. Mchimbieni bibi shimo uani, mlisakafie kwa saruji hiyo, maji ya rangi yakae humo, yasipite tena bombani. Yatulizwe namna gani na tope litupwe wapi, mimi sijui, nisikudanganye. Muulizeni bwana afya, ndiyo kazi yake. Mpaka atakapowajibu, bibi apumzike kutia rangi. Na wale watoto wanaojikuna wapelekeni zahanati, msingoje.

Jumamosi ikifika, birika litoke kama kawaida. Kikombe cha kwanza apewe dobi, mtaa mzima ukiona, na amimine bibi yako mwenyewe kwa mkono wake wa buluu. Hizo glavu mpe Reki, mtaroni zinahitajika zaidi.