Siku Nilipoanika Godoro la Mama

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya kwanza kazini imeisha, miguu imevimba. Nyumba ya wazee: korido moja ndefu, milango pande zote, harufu ya dawa ya sakafu. Mimi ni wa kuogesha, kulisha, kugeuza. Naambiwa ndiyo kazi nyepesi — aliyesema hivyo hajawahi kumnyanyua mtu aliyelala kama gogo.

Leo amefariki bibi wa chumba cha mwisho, yule aliyekuwa akinishika mkono haachii. Msimamizi hakupandisha hata sauti. Fungeni milango yote, waambieni wazee tunapiga deki. Mwili ukapitishwa mlango wa nyuma. Kisha nikaonyeshwa taratibu: dirisha wazi, mashuka kapuni, godoro lifutwe na litolewe nje lipigwe na hewa, nguo mfukoni, mfuko ufungwe. Hata anayechukuliwa na ambulansi akiwa bado anapumua, ni hivyo hivyo. Hawarudi, kasema, na chumba hakiwezi kukaa bure. Jioni palikuwa na babu mgeni kwenye kitanda kile, anauliza choo kiko wapi.

Nimelia kwenye chumba cha kufulia. Anayefua pale ndiye ninayelala naye chumba kimoja, tumetoka nchi moja, yuko hapa miaka na miaka — namwita Mkongwe. Hakunibembeleza. Utazoea, mdogo wangu, kasema. Mwanzoni yeye chakula kilikuwa hakipiti; sasa anakula huku anakunja mashuka yao. Mungu aniepushe.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia Mama. Anataka kujua, hao wazee hawakuzaa? Wamezaa, nikamwambia. Watoto wanakuja Jumapili, wanakaa na makoti mwilini, hata hawavui. Kacheka mpaka akakohoa. Kasema yeye akipelekwa pahala kama hapo atamng'ata mtu. Nikamwambia nani wa kukupeleka, sisi si tupo? Nimemkumbuka jamani! Sauti yake ilijaa chumba kizima, mpaka Mkongwe akauliza huyo ni nani mwenye raha hivyo.

Jumapili, 19 Mei

Msimamizi kanisifu mbele ya wenzangu. Hakuna anayeandaa chumba upesi kama mimi. Nimefurahi, nisijidanganye.

Jumanne, 10 Septemba

Mama amepooza upande wa kushoto.

Dada — ndiye mkubwa wangu, ndiye anayekaa naye — alipiga nikiwa kazini, nikaongea naye stoo, nimesimama. Nikamuuliza: mnamgeuza? Maji anakunywa kiasi gani? Mkojo una rangi gani? Ngozi ya makalioni mmeiangalia? Dada akasema, mbona hujauliza kama analia.

Nikapandwa na hasira. Kulia kutamsaidia nini? Nyumbani kwetu napajua mimi. Majirani wamejaa kitandani kwake tangu asubuhi, huyu anakohoa, yule anamsimulia ndoa za watu, na wa kumgeuza hakuna. Nikasema wageni wapunguzwe. Dada akasema nije niwafukuze mwenyewe. Lakini alikwenda kuangalia, na kidonda kilikuwepo kweli! Nilijua. Nimeomba likizo, naambiwa mpaka Januari.

Ijumaa, 13 Desemba

Yule babu asiyezima redio kafa akinywa chai. Milango, deki, dirisha, mfuko. Kisha nikarudi kumalizia chakula changu. Mkongwe kanitazama nikitafuna, akasema basi, umeshakuwa mwenzetu. Hakuwa anatania.

Jumatano, 22 Januari

Nimefika nyumbani. Mama amebaki mifupa na macho. Akili yake nzima kabisa, ulimi tu ndio mzito. Kacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kanipapasa uso wote, mkono ukabaki shavuni kwangu muda mrefu.

Nikasema tumwogeshe. Nikavaa glavu — sikufikiri, nilijikuta nimeshazivaa. Akazitazama.

"Nimekuwa mchafu kiasi hicho?"

Nikaanza kumweleza habari za vijidudu. Dada akanipokonya beseni, akamwogesha yeye, wanaimba wote wawili. Mimi nimesimama na taulo kama mgeni aliyepotea njia. Nina wiki moja tu hapa, Alhamisi ijayo narudi kazini. Nataka kabla sijaondoka Mama anione mwanawe. Sina hakika kama nitamkuta tena.

Jumamosi, 25 Januari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Mama alikosa pumzi. Shemeji, mume wa Dada, akaleta gari la jirani. Mama akalazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa Dada, nafasi ikaisha. Dada akaniambia mtafutie nguo, Shemeji atarudi kukuchukua. Wakaondoka. Nikaingia chumbani kwa Mama.

Nikafungua dirisha. Nikavua mashuka. Nguo nikazikunja nikazitia kwenye mfuko — zote, hata ile ya kutokea — na mfuko nikaufunga. Viatu. Kitana. Godoro nikalifuta, nikalikokota mpaka uani, nikaliegemeza ukutani juani. Nikarudi kupiga deki. Sikulia. Aibu yenyewe ni kwamba nilikuwa najisikia vizuri. Kazi naijua, kichwa kimetulia. Kumbe simu ilikuwa inaita katikati ya mashuka, Dada anapiga, sikuisikia.

Jirani wa nyuma akaliona godoro la mgonjwa nje, akapiga yowe la msiba. Nilipotoka na maji machafu ua umeshajaa. Wanawake wameketi chini, watu wanashusha viti, mzee mmoja anauliza wachimba kaburi wamepatikana au bado. Jirani akanikumbatia, akalia begani kwangu, pole mwanangu, pole. Nami nikasema asante. Sikumuuliza pole ya nini. Nilisema asante!

Ndipo gari likarudi. Hospitali wamempa hewa na sindano, amepata nafuu, wameambiwa wampeleke nyumbani. Shemeji kambeba mikononi. Kilio kikakatika. Mama akawatazama wote, na viti vyao.

"Nani amekufa?"

Watu wanatazama chini. Shemeji akampitisha mpaka chumbani, na Mama akaona kitanda mbao tupu, sakafu inang'aa, na mfuko wake umefungwa, umewekwa karibu na mlango. Akaelewa kabla yetu sote. Akaomba alazwe kwa Dada. Akageuza uso ukutani.

Jumatatu, 27 Januari

Nimerudisha kila kitu, nguo moja moja. Mama hataki kusikia. Kamwambia Dada kile chumba si chake tena, kitafutiwe mtu. Jirani naye hapiti tena uani kwetu, anazunguka barabarani.

Leo Dada kaongea nami, tukiwa jikoni. Hakugomba, afadhali angegomba.

"Ulimwona amekufa. Tangu lini?"

Nikasema tangu gari lilipoondoka. Akaendelea kuosha vyombo. Nimekaa nikiwaza, na si kweli. Ni tangu siku ile ya stoo, nilipouliza rangi ya mkojo. Naogopa nafsi yangu.

Jumanne, 28 Januari

Dada kaenda kununua dawa, Shemeji yuko kazini. Nimebaki na Mama. Nimekaa kwenye kizingiti cha chumba cha Dada, naandika, ndani hajanialika.

Mkongwe katuma ujumbe: Msimamizi anauliza kama narudi kweli, kuna vyumba vinasubiri. Sijajibu.

Mama kaita. "Nesi."

Nimekwenda mbio. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mikono mitupu, nikamshika vidole. Mama, ni mimi.

"Najua ni wewe," kasema. Ulimi mzito, lakini kila neno nimelisikia. "Nigeuze, Nesi. Ubavu unaniuma."

Nimemgeuza. Polepole, bega kwanza kisha nyonga, mto mgongoni, shuka lisijikunje. Hata Dada hawezi kumgeuza hivyo. Kashusha pumzi, maumivu yamepungua, nimeona usoni. Nimengoja aseme kitu kingine. Kafumba macho. Asante, kasema, unaweza kwenda.

Nimerudi kizingitini. Nalia, kwa mara ya kwanza tangu Machi ile, na sijui kama anasikia.

Anaita tena. Kwa jina lile lile, na nyumba nzima tupo wawili tu.