Orodha ya Wasiokosekana

Jumatatu, 7 Aprili
Nimewasha jenereta, nimeizima. Nimejaza fomu. Miaka sita kila Jumatatu hivyo hivyo. Kazi yangu ni kuhakikisha kiwanda hakisimami hata kukitokea moto, mafuriko au umeme kukatika. Soko kufa hakumo kwenye mpango wangu wa dharura. Vitenge vimejaa bohari, wanunuzi hakuna.

Jumatano, 9 Aprili
Meneja kataka orodha ya watu ambao bila wao kiwanda kinasimama. Eti kuhuisha mpango wa dharura. Nimeandika kumi na wanane. Vibarua sikuwaweka, hatujawahi kuwaweka. Mimi pia sikujiweka. Mwandika orodha kujitaja, aibu.

Ijumaa, 11 Aprili
Orodha imebandikwa getini, chini sahihi yangu. Wasiokuwemo, kazi basi. Bi Tausi, kibarua anayesafisha chujio la maji yetu kule mlimani Bigwa, kaifuata kwa kidole hadi mwisho. Kanitazama. Nimeshindwa hata kumwamkia, mtu mzima kama mama yangu.
Saa tisa nimepewa barua yangu ya kuachishwa kazi. Mwisho wa mwezi. Sihisi chochote. Nimekula wali wote.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua ya Uluguru imeshusha matope. Bomba kavu, mashine za rangi zimezimwa. Mafundi wamepanda, wamerudi na matope ya viatu tu, chujio hawakuliona. Nimefungua mpango, ukurasa wa maji: “Aitwe Bi Tausi.” Niliandika mwenyewe, mwaka juzi. Mjinga mimi.

Jumanne, 15 Aprili
Nimepanda Bigwa. Nimemkuta anapalilia mchicha. Nikasema shikamoo. Hakuitika.
“Bomba la majirani nimelizibua jana,” akasema. “La kwenu sijaligusa. Si mmeandika mimi simo?”
Nikamwambia niliyeandika ni mimi, na nilikosea. Akaendelea kupalilia. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.
Mchana nimemwambia meneja Bi Tausi haligusi bomba letu bila barua ya ajira. Ya kudumu. Kafoka, kasaini. Nimeipeleka mwenyewe. Bi Tausi kaisoma mara mbili, kaikunja, kaifunga kwenye pindo la kanga.
Barua yangu mimi hakuna aliyeitaja. Sikuuliza.

Jumatano, 16 Aprili
Maji yamerudi kabla ya chai.

Jumatatu, 28 Aprili
Nimewasha jenereta, nimeizima. Fomu ina nafasi ya jina la atakayenifuata. Nimeiacha wazi.
Bi Tausi kapita getini na reki begani. Nimemwamkia.
“Marahaba,” kasema, akaenda zake kazini.