Zamu ya Chakula ya Mzee Ambindwile

Tukuyu, Rungwe
Ijumaa, 15 Novemba 2024

Dada yangu Prisca,

Pokea salamu zangu wewe, mama, shemeji na watoto wote hapo nyumbani. Nakuombea barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa kupanda viazi kiwe kimekuachia. Mimi mdogo wako naendelea. Mwili upo, mgongo unalalamika, na mvua ya huku haina siku ya kupumzika. Leo hatukuchuma chai. Mashine ya kiwandani imeharibika na majani ya jana bado yamelala kwenye mifuko, ndiyo maana nimepata mchana mzima wa kuandika.

Barua yako niliipata kwa kondakta wa basi la Njombe. Nimeisoma mara nne. Umesema jicho la kulia la mama limekwisha na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu. Umesema daktari wa macho aliyekuja wilayani alieleza kuwa ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Umesema mama anataka auone uso wangu Krismasi hii wakati lile tundu bado lipo. Mwishoni umeandika kwamba nisipokuja safari hii nisijisumbue kuandika tena. Sikukasirika, dada. Ningekuwa wewe ningeandika hivyo tangu mwaka juzi.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya jirani yenu ikiita ukoo mzima unakusanyika, na haya mambo hayafai kuwekwa kwenye spika. Yasome kwanza peke yako. Ukimaliza, msomee mama.

Nianze na uongo wa kwanza. Krismasi tatu mfululizo nilikuambia meneja ametunyima likizo. Si kweli. Likizo ya Krismasi tunapewa kila mwaka, hata vibarua. Kilichonizuia ni ndege.

Najua utacheka, au utatupa karatasi. Vumilia kidogo.

Chumba nilichopanga kiko bondeni, chini ya njia ya kwenda Kisiba, na nyuma ya nyumba kuna kinamasi chenye matete marefu kuliko mtu. Humo wanakaa korongo wenye taji, wale wenye manyoya ya dhahabu kichwani. Zamani walikuwa wengi, lakini watu walifukua mifereji wakalima, wengine wakachukua mayai, wakabaki wachache. Ndipo mama mmoja anaitwa Esnath, nesi mstaafu na mzee wa kanisa, akakusanya watu kama ishirini wakasema kinamasi kitunzwe. Hakuna mfadhili na hakuna mshahara. Kila nyumba inatoa mkungu wa ndizi kila Jumamosi ya pili, zinauzwa sokoni Bulyaga, na kwa njia hiyo tumenunua nguzo, kibao cha kuzuia watu na buti za mvua. Asiye na migomba anatoa mikono. Mimi nilitoa mikono.

Walinifanya mlinzi. Unajua kwa nini? Kwa sababu sina shamba wala shemeji hapa. Mama Esnath alisema kila mwenyeji ana ndugu anayetaka kukata matete au kulisha ng'ombe mle ndani, atamwonea haya. Mgeni hamwonei mtu haya. Nikanyoosha mkono mbele ya watu wote baada ya ibada, nikaahidi kwamba korongo wakitaga sitaondoka mpaka makinda yatoke majini kwa miguu yao. Nilifurahi siku ile. Tangu nitoke nyumbani Ludewa hakuna mtu aliyekuwa ameniomba kitu zaidi ya kilo za majani.

Sikujua kwamba korongo hawa wanataga Desemba, wakati uleule wa likizo yangu. Makinda yanatoka mwezi wa tatu. Basi kila Krismasi wakati wenzangu wanapanda basi na vifurushi vyao, mimi nimesimama kwenye tope, ruba kwenye mashavu ya miguu, nawafukuza mbwa. Katibu wetu Lutufyo, kijana wa bodaboda, ananiita Bwana Korongo. Anasema miguu yangu imeshakonda kama yao, imebaki taji tu.

Kwa kuwa nikitoka kwenye chai naingia majini hadi giza na sipati nafasi ya kupika, nyumba saba za ukingoni zinanilisha kwa zamu msimu wa kutaga, kuanzia korongo wanapoonekana. Kila nyumba ina siku yake. Jumatano ni zamu ya Mzee Ambindwile na mkewe Tusekile.

Mzee huyu hakuwahi kuwa mwanachama. Shamba lake la magimbi na mahindi linashuka mpaka kwenye maji, na korongo wanamfukulia mahindi yakianza kuota. Mikutanoni alikuwa anatuchoma maneno. Alisema korongo wana mwenyekiti na katibu, yeye ana jembe na mke mwenye mguu mbovu, sasa tumwambie nani kati yao anahitaji kamati. Watu walicheka, hata Mama Esnath. Lakini zamu ya chakula waliichukua wenyewe. Tusekile alisema mtu hawezi kushinda njaa mbele ya mlango wake kwa sababu ya ugomvi wa wanaume na ndege.

Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili kamati ilinionea huruma. Walisema kama mpaka tarehe kumi hakuna kiota, niende nyumbani. Nilikuwa nimeshafunga begi. Ndani kulikuwa na kile kitenge nilichomwahidi mama ambacho mpaka leo hakijafika.

Asubuhi ya tarehe tisa matete ya katikati yalikutwa yamekatwa, sehemu kubwa kama uwanja wa nyumba. Kumbe korongo walikuwa wameshajenga mle. Mayai yalikuwa mawili. Moja lilipasuka, la pili lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Wale ndege wawili walizunguka juu wakilia siku mbili, halafu wakaondoka.

Kila mtu alimtazama Mzee Ambindwile, kwa sababu wiki moja kabla alisema mkutanoni kwamba iko siku atayafyeka mwenyewe yale matete. Walipomuuliza alisema hakukata. Walipomuuliza tena alichukua jembe lake akashuka shambani. Tangu hapo, dada, nimeona namna watu wa kanisani wanavyoweza kumuadhibu mtu bila kumgusa. Paa lake lilipovuja hakuna aliyepanda kumsaidia. Sokoni wanawake wanapita ndizi za Tusekile kama hawazioni. Wanasalimiana naye, ndiyo, lakini salamu haina mkono.

Mimi nikaambiwa sasa ndiyo siwezi kuondoka kabisa, maana adui yuko jirani. Nikafungua begi.

Na kila Jumatano ya msimu ule chakula kilikuja. Ndizi na maharage, siku nyingine magimbi, yamefunikwa kwa jani la mgomba ili mvua isiingie. Wengine walisahau zamu zao. Tusekile hakusahau hata moja, wakati hapakuwa na korongo wa kulinda tena.

Sasa nikueleze ya mwezi huu. Korongo wamerudi. Jumapili hii baada ya ibada kuna mkutano, na jambo ni moja tu: kuchukua kipande cha chini cha shamba la Mzee Ambindwile kiwe sehemu ya hifadhi na kuweka nguzo. Ofisi ya kijiji imekubali kwa kuwa yeye ndiye aliyeharibu. Kipande hicho ndicho chenye magimbi yanayowalisha miezi ya njaa, maana juu ni mawe. Mama Esnath alinishika bega akaniambia kwa furaha kwamba nguzo zikishasimama hapatakuwa na haja ya kunifunga tena, nitakwenda kumwona mama yangu. Lutufyo ameahidi kunipeleka stendi ya Tukuyu kwa pikipiki yake. Nguzo ziko tayari kwenye ua wa kanisa. Nimesaidia kuzibeba.

Kwa hiyo nikinyamaza Jumapili, ndani ya mwezi mmoja nimekaa mbele ya mama.

Juzi Jumatano Tusekile alikuwa anaumwa mguu, akaja mzee mwenyewe na bakuli. Nilimwambia ndaga, tata, yaani asante baba kwa lugha ya huku, kama ninavyomshukuru mkewe. Hakuondoka. Alikaa kwenye gogo, akawa anayatazama matete yanavyoyumba, akaniuliza habari za mama. Nikamwambia anapofuka. Ndipo akasema, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwanangu Meshaki, sisi watu wa migomba tunakata chini kabisa, na panga linaacha mshazari. Mwaka jana nilikwenda kuyaangalia yale mashina kabla hayajaota. Yote yalikuwa usawa wa goti. Kama mtu kalaza fimbo juu."

Dada, wewe hujawahi kuchuma chai. Sisi tunalaza fimbo juu ya miti ya chai ili tujue usawa, tukate sawasawa, shamba lote liwe tambarare kama meza. Siku ya kwanza nyapara anakupigia kelele mpaka mkono wako unajifunza. Ukishajifunza, mkono haujui kukata vingine. Hata majani ya nyuma ya choo nayakata hivyo, bila fimbo.

Mashamba ya chai yako mbali na pale. Kwenye bonde letu mwenye mkono huo ni mmoja.

Ni mimi niliyekata.

Tarehe nane jioni, nikitoka kazini na mkasi wa chai begani, niliwaona korongo wawili wakikanyaga matete kuyalaza, ndivyo wanavyoanza kiota. Zilibaki siku mbili tu. Niliona kama wananifungia mlango. Niliwaza kwamba nikiwaondolea kivuli watahamia kinamasi kingine upande wa mashariki, watataga huko salama, na mimi nitasema kwa ukweli kwamba hapa hakuna kiota. Nikaingia nikakata mpaka mikono ikafa ganzi. Kumbe hawakuwa wanaanza. Walikuwa wanatengeneza kiota chenye mayai. Niliyaona asubuhi, nilipokwenda na wenzangu kuona uharibifu uliofanywa na adui. Mama Esnath alilia. Mimi nilishika lile yai baridi, nikasema huyu mtu hana roho.

Nilikata ili niachiwe, nikajifunga zaidi. Nimekula chakula cha yule mzee Jumatano zote zile, na kila nikimaliza nilikuwa naosha bakuli vizuri sana, kama vile huko ndiko kulipa deni.

Nilimuuliza juzi kwa nini hakusema. Alijibu kwamba angesema, watu wangesema anamsingizia mgeni asiye na ndugu wa kumtetea. Halafu akaninyooshea bakuli.

"Kula, kinapoa."

Nilikula mbele yake. Ilibidi.

Jumapili nitasimama mkutanoni niseme. Nakijua kitakachofuata, maana taratibu ziko wazi na mimi mwenyewe nilinyoosha mkono zilipopitishwa: mwanachama aliyeharibu kiota analinda kinachofuata mpaka makinda yatoke, bila kuondoka hata siku moja. Sidhani watanipiga. Ningeona afadhali. Nitabaki palepale kwenye tope, ila Lutufyo hataniita tena Bwana Korongo, na sijui nyumba ngapi kati ya zile saba zitaendelea kunipikia. Jumatano nina hakika nayo, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Nimejaribu kusema mara nyingi mwaka huu, nikafika mpaka mlangoni kwa Mama Esnath, nikauliza habari za buti. Najijua. Ndiyo maana nakuandikia leo, kabla ya mkutano. Kesho asubuhi Lutufyo anakwenda stendi, nitampa bahasha hii aikabidhi kwenye basi. Ataibeba mwenyewe kifuani bila kujua. Ikishapita Makambako nitakuwa siwezi kurudi nyuma, kwa sababu wewe utakuwa unajua, na mama atakuwa anajua.

Basi mwambie mama asinisubiri Krismasi. Jogoo aliyemtenga mchinjeni mle, asizeeke kwa ajili yangu. Kitenge chake nakituma kwa kondakta huyohuyo. Ni cha bluu na njano, mwambie rangi zake wakati anaweza kuziona. Mwezi wa tatu ukiisha, makinda yakitoka kwa miguu yao, nitapanda basi siku hiyohiyo. Kama lile tundu litakuwa bado lipo, ataniona. Kama limezibwa, atanishika mikono. Ina sugu za mkasi hapa kwenye kidole gumba, atauliza ni za nini, nami nitamweleza mwenyewe zilichofanya.

Ukiona sistahili kuandikiwa, usiniandikie. Mimi nitaendelea kuandika.

Wasalimie shemeji na watoto, msalimie Baba Mchungaji na majirani wote waliokuja kupalilia kwa mama. Mzee Ambindwile naye anamsalimia mama. Alinituma nisisahau.

Ni mimi mdogo wako,
Meshaki