Kiti Chako cha Dirishani

Nyumba ya Magongo,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua salamu ndizo hutangulia, lakini nikianza nazo nitaingiwa na woga. Basi naanza na jambo ambalo sijawahi kumtamkia mtu: katika kila kikao cha kamati yetu, isipokuwa cha kwanza, nimekuandika kuwa ulihudhuria.

Sasa nakuuliza hali. Kifua kimepona? Watoto wanaendeleaje? Sisi hatujambo, ila tumechoka. Mama amechoka, Bibi amechoka na hakubali, nami nasinzia juu ya vitabu.

Sebule yetu bado imejaa magongo na viti vya magurudumu vya kuwaazima wagonjwa. Vingi vimekwisha matairi. Mwenye kiwanda cha magodoro ameahidi kutununulia vipya, kwa sharti kwamba ofisi ya kodi itutambue kama chama cha hisani, ili anachotuchangia kiondolewe kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Bila kibali hicho hatoi. Ndiyo maana mwaka huu mimi na Bibi tumekuwa wenyeji wa benchi la ofisi ile.

Kila kikao Bibi hukuwekea kiti kando ya dirisha, kile kizuri cha magurudumu chenye mikono ya ngozi, ambacho hamwazimi mtu. Macho yake hayaoni maandishi tena, kwa hiyo watu wakishaondoka namsomea muhtasari. Mara ya kwanza nilikutaja kati ya wasiokuwepo, na chai yake ikapoa mezani. Mara ya pili nikakutaja kati ya waliokuwepo. Chai akaimaliza. Tangu hapo nikashindwa kurudi nyuma.

Juzi afisa wa kodi, mama mmoja mpole mwenye mafua, alifungua faili letu.

"Huyu mjumbe anaishi ng'ambo," alisema. "Anahudhuriaje?"

Bibi akajibu bila kupepesa macho. "Kiti chake kipo, mwanangu."

"Bibi, kiti hakipigi kura."

"Hata angekuwepo mwenyewe asingepiga. Tangu utotoni ni mtu wa kukubali tu."

Afisa alicheka, akapenga kamasi, kisha akanitazama mimi. Alisema muhtasari usio wa kweli unaweza kutunyima kibali. Turekebishe. Tena watu wa familia moja tumezidi kwenye kamati. Mmoja atoke, aingie mtu wa nje. Bibi akasema basi atatoka yeye. Mjomba, yeye akitoka, nani atabaki?

Tulipokuwa tunarudi alisema, kama anayejisemea, "Nikimtoa huyu, atarudi nyumbani kama nani?" Jibu nilikuwa nalo. Nikalimeza, unavyonijua.

Naomba utuandikie ukurasa mmoja wa kujiuzulu. Yeye hatakuomba kamwe.

Msalimie mkeo, na wale pacha uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana. Seremala naye anakusalimu na kuuliza randa yake utairudisha lini. Mungu akulinde huko, akufikishe huku ukiwa mzima.

Barua niliiacha hapo, nikaingia chumbani kwa Bibi na faili. Nimemsomea mihtasari yote upya, huku nikilikata jina lako, nikiliandika kati ya wasiokuwepo na kutia saini pembeni. Mwishoni nikamwambia kuwa utarudi kama mwanawe, basi. Akauliza kama matairi ya kile kiti cha dirishani bado yana upepo.

Nimeyajaza upepo, nikakipangusa kiti vumbi, nikakisukuma hadi kwa mke wa seremala, aliyevunjika nyonga. Nimerudi, na sasa nafunga bahasha.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukukumbuka,
Miwani