Mzee Koki, Baba Yetu Fundi Bomba

Jumanne hii umetimia mwaka, Baba, tangu ulipomaliza chakula cha mchana, ukafuta mdomo na kumwambia Mama, "Leo nimeshiba kweli," kisha ukaegemea kiti chako na usiamke tena. Ulikuwa na miaka themanini na minne. Mama anasema hata kuondoka uliondoka kwa adabu, hukuacha sahani chafu.

Kalamu nimepewa mimi, binti yako wa pili, lakini wote wamenizunguka hapa mezani wananisahihisha. Pakikosewa, usinilaumu peke yangu.

Mtaa mzima ulikuita Mzee Koki, na jina ulilipata kwa jasho. Ukiingia nyumba ya mtu, kabla hujaketi ulikuwa umeshatega sikio kusikia koki inayovuja. Kaka mkubwa hajasahau siku mliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe zake. Suti ulikuwa nayo moja tu, na ndiyo uliyovaa. Ulisema unanawa mikono, ukapotea. Walikukuta umelala chali chini ya sinki lao, koti limelowa hadi kwapani.

"Mzee mwenzangu," baba mkwe akakwambia, "tumekualika kula!"

"Nakuja. Hii ikiacha kuvuja nitakula mara mbili."

Ukala mara tatu. Wifi anasema ndiyo siku aliyojua kwamba ataolewa kwa watu wazuri.

Nyumbani ulikuwa mtu wa pasi. Kila Jumapili jioni ulinyoosha sare zetu watoto watano, redio ikiwa wazi, ukibishana na mtangazaji wa mpira kama vile anakusikia. Mashati yetu yalikuwa na mikunjo miwili mgongoni kila timu yako ilipofungwa. Walimu walijua matokeo kwa kututazama tu.

Lakini tusikupambe kupita kiasi. Ulikuwa mbishi. Nilipomaliza shule nikakwambia nataka ufundi bomba, ulisema, "Kazi hii ni matope na matusi, mama. Tafuta ya kukaa kwenye kiti." Miezi mitatu tulipishana humu ndani kama wapangaji. Mama akawa ndiye mjumbe: "Mwambie Baba chai tayari." "Mwambie mwanao nimesikia."

Halafu likaja lile bomba lililopasuka chini ya chumba cha kufulia, pale hospitali ya wazazi. Maji yalikuwa yanaelekea wodini, kwa akina mama na vichanga wao. Koki kuu ilikuwa imechimbiwa ndani kabisa, kwenye upenyo chini ya sakafu. Wewe ulikuwa na kitambi. Baba Mdogo, mshirika wako, alikuwa na vitambi viwili. Mlijaribu nyote, mkakwama nyote. Ndipo ukapiga simu nyumbani: "Mwambie huyo mbishi avae suruali yangu ya zamani, aje mbio."

Niliingia kwa tumbo. Wewe ulilala mdomoni mwa lile shimo ukinimulikia tochi, maji yanakupita shingoni. Koki ilikuwa imeshika kutu. Spana iliteleza, ikanichuna vidole, nikaanza kulia.

"Baba, siwezi!"

"Lia, mama, lakini huku unakaza."

Nikalia, nikakaza. Ikasogea. Ikasogea tena. Maji yakanyamaza. Nilipotoka nikiwa tope tupu, mganga mkuu alikuwa amefika, anauliza nani aliyefunga. Ukasema, "Fundi wangu." Hukusema binti yako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Wiki iliyofuata ulipanda ngazi mwenyewe ukaongeza maneno mawili kwenye kibao cha duka lako la ufundi, "na Binti", herufi zimepinda kama zimelewa. Muuza rangi wa jirani akakutania, "Mzee Koki, vijana wa kiume wameisha?"

"Wapo tele," ukamjibu. "Nilikuwa natafuta fundi."

Tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na minane. Ulipostaafu hukustaafu, ulikuja kila asubuhi "kusimamia chai", ukakagua kazi zangu kwa jicho moja huku lingine likisoma gazeti. Ulinisifu mara chache. Ila wateja waliniambia ulivyonisifu nisipokuwepo, na ulikuwa unatia chumvi, Baba.

Mwaka huu haukuwa mwepesi. Mama bado anapika cha kutosha watu wawili, sasa tunapokezana kuja kula naye mchana, na ametangaza kwamba amechoka na wageni. Mjukuu wako wa mwisho ameanza kutembea. Anakwenda kifua mbele kama wewe ukiwa na haraka ya kazini. Mama akimwona anacheka mpaka anatafuta pa kushika.

Wanaokukumbuka: Mama, mkeo wa miaka hamsini na sita, watoto wako watano na wenzi wao, Baba Mdogo, anayesema bado unamdai mchezo mmoja wa bao, wajukuu kumi na watatu, na wakwe, ambao sinki lao halijavuja hadi leo.

Tumekupenda, tumekufaidi, na hatutaacha kukutaja.